Mihogo ya Mama si Aibu

Jumapili moja pale Shimo la Mungu, Newala, nilimwona mtoto akificha mihogo aliyofungiwa na mama yake, macho yote kwenye chipsi za wenzake. Nikakumbuka kwetu Masasi. Kila tulipopanda Newala kutembea, mama alifunga mihogo na karanga kwenye kanga, na maji kwenye dumu. Haukuwa ubahili. Huko juu maji yalikuwa taabu: kina mama waliteremka mabondeni kuyateka, mpaka mradi wa bomba wa miaka ya 1950 ulipopunguza adha. Mgeni aliyekuja na vyake alimpunguzia mwenyeji mzigo. Ilikuwa adabu. Nunueni mkipenda, lakini mtoto asifundishwe kuionea haya mikono ya mama yake.