Jalada la Kijitabu: Utunzaji wa Machapisho ya Hadithi na Picha Karatina

Kijitabu kilichokunjwa katikati na kubanwa kwa pini mbili za stepla ni dhaifu kuliko kitabu kilichoshonwa, kwa kuwa jalada lake halishikwi na kitu kingine isipokuwa zile pini, na kila anayekifungua huuvuta mgongo wake mpaka karatasi ikachanika pale chuma kilipopenya. Ndivyo yalivyotengenezwa magazeti ya vibonzo ya Marekani ambayo leo wakusanyaji huyanunua kwa bei ya shamba, na ndivyo vilivyotengenezwa vijitabu vya bei nafuu vya Karatina, mji wa soko katika Mathira, Nyeri, ambao historia yake ya uchapishaji ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani.

Misheni ya Kanisa la Skotlandi, iliyoanzishwa mwaka 1908 kwenye kilima cha Tumutumu karibu na mji huo, iliwazoesha wenyeji wa Mathira kuwa na maandishi nyumbani, na katika mazingira hayo alizaliwa mwaka 1921 Gakaara wa Wanjau, mwana wa mchungaji, aliyeanza kutoa vijitabu vya Kikuyu katika miaka ya 1940. Alikamatwa Oktoba 1952, serikali ya kikoloni ilipotangaza Hali ya Hatari dhidi ya Mau Mau, akakaa kizuizini kwa miaka mingi. Na alipoachiliwa alirudi kwenye kazi yake, akachapisha Karatina hadithi fupi na jarida la Gĩkũyũ na Mũmbi. Katika miaka ya Hali ya Hatari, kukutwa na maandishi yaliyopigwa marufuku kulimponza mtu, na jalada, likiwa ndilo linalotaja jina la kijitabu na la mwandishi, ndilo lililokuwa ushahidi wa kwanza machoni pa askari. Ni vigumu kufikiria kipindi kilichokuwa kibaya zaidi kwa majalada ya eneo hili.

Desturi ya kulinda jalada ilitoka shuleni. Mwanafunzi alitakiwa kuvifunika vitabu vyake kwa karatasi ya kaki, yaani ile karatasi ngumu ya rangi ya udongo, au kwa gazeti kuukuu pale kaki ilipokosekana, akikunja kingo zake kwa ndani bila gundi. Mbinu hiyo inastahili heshima, kwani huzuia msuguano na jasho la mikono. Lakini kitabu cha hesabu hakipotezi kitu kikifunikwa, ilhali gazeti la picha hununuliwa kwa sababu ya uso wake. Msomaji wa jarida la Joe, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1973 na Hilary Ng'weno na mchoraji Terry Hirst, au wa African Film, lililosimulia kwa picha visa vya mpelelezi Lance Spearman, alilazimika kuchagua kati ya kuuona mchoro na kuuhifadhi. Wengi waliuchagua mchoro, na gazeti likazunguka mikononi mwa majirani hadi jalada likang'oka. Kisha likarudishwa kwa selotepu, ambayo gundi yake hugeuka manjano baada ya miaka michache na kupenya kwenye wino, ikaacha doa lisiloondoka.

Hali ya hewa nayo haina huruma. Karatina iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na katika gathano, msimu wa baridi na ukungu wa katikati ya mwaka, unyevu huingia hata ndani ya sanduku la bati lililofungwa. Karatasi hunywa unyevu huo na kuvimba. Na kwa kuwa jalada linalong'aa na kurasa za ndani havivimbi kwa kiasi kimoja, jalada hujikunja mawimbi, huku pini zikishika kutu na kuula mgongo polepole. Kurasa za ndani zina adui mwingine aliyezaliwa nazo: lignini, kiini kinachoshikilia nyuzi za mti pamoja, ambayo huachwa katika karatasi ya bei nafuu na kuifanya iwe kahawia na kukatika, hasa inapopigwa na mwanga.

Wahifadhi wa leo hutumia mfuko angavu wa poliesta, aina ya plastiki isiyotoa kemikali, na nyuma ya gazeti huweka kadi isiyo na asidi ili pembe zisipinde, kisha huyasimamisha magazeti katika kisanduku, yakibanana kiasi cha kutoinama. Plastiki laini ya PVC haifai, kwani huvuja mafuta na kunata kwenye wino. Pasipo vifaa hivyo, karatasi ya kaki iliyokunjwa bila gundi, ikibadilishwa inapoanza kufifia, bado ni bora kuliko mfuko wa PVC.

Shajara ya kizuizini ya Gakaara ilitolewa mwaka 1983 na kupata Tuzo ya Noma ya uchapishaji barani Afrika mwaka 1984, zaidi ya miaka ishirini baada ya matukio inayoyasimulia, kwa hiyo karatasi iliyotunzwa kwa bidii huweza kuvuka hata miaka ya aina hiyo. Vijitabu vya kawaida havikupata mlinzi kama Gakaara. Katika rundo lililolazwa sandukuni, nakala ya juu hupokea vumbi na moshi wa jikoni, ya chini hupokea unyevu wa sakafu na uzito wa zote, na mara nyingi ni zile za katikati tu ambazo majalada yake bado yana rangi.