Tangi la Majitaka Ndani ya Mashua

Choo cha jahazi la kale hakikuwa na siri: kisanduku kimetungikwa nje, upande wa tezi, na kinachodondoka kinapokewa na bahari. Mashua ya kisasa ya matanga, yenye jiko, vitanda na choo cha pampu, haina uhuru huo kila mahali. Nchini Marekani ni marufuku kumwaga choo ambacho hakijasafishwa ndani ya maili 3 za baharini kutoka pwani, na valvu inayoelekeza uchafu nje sharti ifungwe isifunguke, kwa kufuli au kwa kung'olewa mkono wake. Puget Sound, katika jimbo la Washington, tangu 2018 hata uchafu uliokwisha kusafishwa haumwagwi. Ndipo linapohitajika lile ambalo Kiingereza huliita tangi la kushikilia.

Jina hilo likiletwa kwetu neno kwa neno halifai. Msomaji atauliza, linashikilia nini? “Tangi la kuhifadhia” ni baya zaidi, maana mtu huhifadhi anachokitaka: maji ya kunywa, mafuta, nafaka. Karo nalo lina kazi nyingine, kwani humeng'enya uchafu na kuyaachia maji yapotelee ardhini. Tangi la mashuani halina pa kuyaachia. Hupokea tu, likasubiri kunyonywa bandarini au kumwagwa bahari kuu. Mimi naandika tangi la majitaka. Mamlaka za maji zimekwisha kutuzoesha neno hilo, wala halimfichi mtu kilichomo. Anayeandika kanuni anaweza kuanza na “tangi la kuzuilia majitaka”, kisha akafupisha.

Kule kusubiri ndiko kunakoamua litengenezwe kwa nini. Chuma cha pua kinapendeza machoni, lakini mkojo hukila penye maungio ya kuchomelea, kikaanza kuvuja kwa vitundu vidogo kama vya sindano. Alumini huliwa upesi zaidi. Mfuko laini huingia kwenye pembe zenye umbo gumu, ila husuguana na ubavu wa mashua hadi ukatoboka. Plastiki nene ya polietileni, iliyofinyangwa kipande kimoja, ndiyo ningeinunua.

Ukubwa ni hesabu nyepesi. Watu wawili, kila mmoja akienda mara nne kwa siku na kupiga lita 3 kila mara, hujaza lita 24. Tangi la lita 75 litawatosha siku tatu. Likijaa lina uzito wa kilo 75 hivi, na likiwekwa chini ya kitanda cha omo, mashua itainamisha pua. Heri katikati, karibu na mkuku.

Harufu ina mambo yake. Wengi hulaumu tangi kumbe mkosaji ni bomba la kupumulia, lililo jembamba au limezibwa na buibui. Hewa isipoingia, bakteria wasiohitaji oksijeni hutawala, na hao ndio watoao gesi ya mayai viza. Bomba fupi, pana, lisilo na mikunjo, huponya zaidi ya dawa za chupa. Mipira nayo huzeeka ikapenyeza uvundo. Kuijua ni rahisi: futa mpira kwa kitambaa kilicholowa maji moto, kiache kipoe, kisha ukinuse chenyewe. Kikinuka, mpira umekwisha, hata kama hauvuji tone.

Kubadilisha tangi ni shughuli ya mlango kuliko ya mabomba. La zamani huenda lilitiwa kabla sitaha haijafungwa. Hunyonywa, huoshwa, kisha hukatwa kwa msumeno palepale. Kabla ya kuagiza jipya, tengeneza boksi la kadibodi la vipimo vyake, ulishushe ngazini, ulipitishe mlangoni, uliweke mahali pake. Halafu ingiza mkono juu yake. Vibano vya mipira hukazwa tangi likiwa limekwisha kukaa, na bisibisi nayo inahitaji nafasi ya kuzunguka.