Maji Yasiyotambua Mpaka: Historia ya Mburo na Nakivale kama Funzo kwa Utalii Wakati wa Mabadiliko ya Tabianchi

Mipango ya kuandaa maeneo ya utalii kukabiliana na hatari za tabianchi aghalabu huichukulia mbuga kama eneo linalojitosheleza ndani ya mpaka wake. Historia ya Ziwa Mburo, kusini magharibi mwa Uganda, inaonyesha udhaifu wa dhana hiyo. Mto Rwizi hushuka kutoka vilima vya Buhweju, hupita Mbarara ambako wakazi huutegemea kwa maji, kisha hulisha maziwa na ardhioevu za Mburo na Nakivale. Basi mji, mbuga na makazi ya wakimbizi vinategemea mto mmoja.

Hata hivyo, utawala uliitenganisha nchi hii kipande kwa kipande. Mwaka 1933 Mburo ilitangazwa kuwa eneo la uwindaji uliodhibitiwa, na mwaka 1963 ikawa pori la akiba. Katika kipindi hichohicho, karibu na mwaka 1960, makazi ya Nakivale yalianza kuwapokea wakimbizi kutoka Rwanda. Mwaka 1983 serikali iliipandisha Mburo hadhi kuwa mbuga ya taifa, na maelfu ya familia, wengi wao wafugaji, zikaondolewa bila maandalizi ya kutosha. Utawala wa Obote ulipoanguka mwaka 1985, waliofukuzwa walirudi. Watumishi wa mbuga walitimuliwa, majengo yakaharibiwa na wanyama wakauawa. Hatimaye mbuga ilipunguzwa kutoka takriban kilomita za mraba 650 hadi 260.

Tukio hilo kwa kawaida husimuliwa kama mgogoro wa ardhi. Lilikuwa pia mgogoro wa maji. Katika ukanda wa wafugaji wa Uganda, mvua ikikosekana mfugaji huhamishia mifugo penye maji ya kudumu, na maji hayo yalikuwa yamezingirwa na mpaka. Sheria iliyofunga njia ya kiangazi haikuondoa haja ya kuipita. Mtalii anayefika kutazama pundamilia na swala pala huona mandhari ambayo uhai wake ulitegemea, na bado unategemea, maelewano na majirani. Wanyama wengi hulisha nje ya mbuga, katika malisho ya ng'ombe.

Mwaka 2006 maziwa ya Mburo na Nakivale yaliorodheshwa pamoja chini ya Mkataba wa Ramsar. Hatua hiyo ilikiri kimataifa kile ambacho mipaka ya ndani ilikikataa: kwamba ni mfumo mmoja wa maji. Lakini mafunjo yakifyekwa na kingo za Rwizi zikilimwa, uwezo wa ardhioevu kuhifadhi maji ya mvua na kuyaachilia polepole wakati wa kiangazi hupungua. Hasara humfikia mvuvi wa Nakivale, mkazi wa Mbarara na mwenye hoteli kwa pamoja.

Hapa suala la lugha linaingia katika sera. Nakivale leo ina wakazi zaidi ya 100,000, wakiwemo Wakongo, Warundi, Wasomali na Wanyarwanda, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowaunganisha. Taarifa ya tahadhari inayotolewa kwa Kiingereza peke yake haiwezi kuwafikia wote wanaotumia ziwa hilo. Tafsiri nayo yahitaji uangalifu: kiangazi ni msimu unaotarajiwa, ilhali ukame ni kukosekana kwa mvua iliyotarajiwa. Taarifa inayochanganya maneno hayo humfanya msikilizaji aione hatari kuwa jambo la kila mwaka.

Mambo matatu yanawahusu washauri wa sera. Kwanza, tathmini ya hatari kwa utalii wa Mburo ifuate bonde la Rwizi badala ya mpaka wa mbuga. Pili, njia za mifugo kufikia maji wakati wa ukame zikubaliwe kabla ya ukame kuja. Tatu, wakimbizi washirikishwe kama watumiaji wa ziwa, na taarifa ziandaliwe kwa Kinyankole na Kiswahili tangu mwanzo. Mwaka 1985 ulionyesha gharama ya kuwaacha majirani nje ya uamuzi.