Hekalu Lililookolewa na Ukata

Katika milima ya Wutai, mkoani Shanxi kaskazini mwa China, hekalu lenye wafadhili wengi ndilo lisilo na ukale. Wabudha wanaamini kwamba huko ndiko yaliko makao ya Manjushri, bodhisatva wa hekima, na mahujaji wamemiminika kwa zaidi ya miaka elfu moja. Kila kizazi cha matajiri kilitaka thawabu yake: kilibomoa la zamani, kikajenga kubwa zaidi, kikapaka rangi upya. Mtu anayetafuta jengo la mbao la enzi ya Tang (618–907) ataondoka Taihuai, kitovu cha hija hiyo, bila kuliona.

Hekalu la Foguang, yaani Nuru ya Budha, liko pembeni, nje ya duara la vilele vitano vitakatifu. Mahujaji wachache walifika huko, na sadaka ilikuwa haba. Watawa wake hawakuwa na uwezo wa kubomoa, na ukata huo ndio uliotuachia jumba la mashariki lililosimama tangu mwaka 857.

Lenyewe lilizaliwa katika magofu. Mwaka 845 Mfalme Wuzong, aliyekuwa na njaa ya kodi na ya shaba, aliamuru mahekalu ya Kibudha yafungwe nchini kote. Kumbukumbu za enzi hiyo zinataja mahekalu zaidi ya 4,600 yaliyobomolewa na watawa wapatao 260,000 waliorudishwa uraiani. Foguang, lililokuwapo tangu karne ya 5, nalo likaangushwa. Wuzong alifariki mwaka uliofuata na mrithi wake akaigeuza amri. Miaka kumi na moja baadaye jumba jipya likasimama, kwa fedha za mwanamke kutoka mji mkuu, Chang'an, aliyeitwa Ning Gongyu.

Mbele lina urefu wa mita 34, na kina chake kinakaribia mita 18. Milima imelizunguka pande tatu, hivyo mafundi walilielekeza upande ulio wazi, magharibi, badala ya kusini kama ilivyozoeleka. Kinachomsimamisha mgeni ni paa. Kingo zake zimechomoza karibu mita 4 nje ya nguzo, na hakuna mhimili wowote unaozishikilia kutoka chini. Siri iko juu ya nguzo. Hapo pamepangwa vipande vya mbao kwa tabaka, kizibo kisha mkono, kizibo kisha mkono, kila tabaka likitokeza zaidi ya lile la chini yake, kama mhudumu anayenyoosha mkono kubeba sinia pana. Wachina huuita mfumo huo dougong. Katika jumba hili kimo chake ni karibu nusu ya kimo cha nguzo zenyewe. Majumba ya karne za baadaye yana dougong ndogo, nyingi zikiwa pambo tu.

Ndani ya rundo hilo hupita mbao ndefu zilizolala mshazari, ziitwazo ang. Ncha ya nje hubeba ukingo wa paa, na ya ndani hukandamizwa na uzito wa paa lenyewe, basi mzigo mmoja unazuia mwingine. Vipande vimeungwa kwa ulimi na tundu, na ardhi inapotikisika viungo hucheza kidogo vikarudi mahali pake. Ukingo mpana nao si mbwembwe: huzuia mvua isifike kwenye nguzo na kuta. Wakati huohuo ulisema jambo kuhusu hadhi. Wingi wa tabaka za dougong na paa la miteremko minne vilikuwa alama za cheo, havikuwekwa kwenye nyumba ya kila mtu.

Hadi miaka ya 1930, wataalamu wa Japani walikuwa wakisema kwamba China haina tena jengo la mbao la Tang, na anayetaka kuona ufundi wa zama hizo aende Nara, Japani. Kauli hiyo iliwauma Liang Sicheng na mkewe Lin Huiyin, wasanifu majengo waliosoma Marekani. Liang alikuwa ameona picha za mchoro wa ukutani katika mapango ya Dunhuang, ramani ya milima ya Wutai iliyotaja majina ya mahekalu, Foguang likiwamo. Juni 1937 wakafunga safari na wenzao wawili, sehemu ya njia wakipanda baghala.

Juu ya dari walikuta giza, vumbi zito, maelfu ya popo na kunguni walioishi kwa damu ya popo hao. Lakini palepale, chini ya kilele cha paa, tochi zao zilimulika mbao mbili zilizokutana kama herufi V iliyopinduliwa, bila nguzo ya katikati. Kenchi ya namna hiyo walikuwa wameijua kwa michoro tu. Kilichobaki ni tarehe. Lin, aliyeona mbali vizuri, ndiye aliyegundua chini ya boriti maandishi ya wino yaliyofifia. Boriti zikaoshwa, na kwa siku kadhaa wakasoma herufi zilizojitokeza mbao zikiwa zimelowa na kufifia zikikauka. Jina la Ning Gongyu lilikuwamo, na lilikuwamo pia kwenye nguzo ya mawe uani, pamoja na mwaka. Sanamu ndogo ya mwanamke, iliyokaa kando ya jukwaa la Mabudha, ikapata mwenyewe.

Siku chache baadaye, katika mji wa Daixian, gazeti liliwajulisha kwamba Japani ilikuwa imeanza vita karibu na Beijing tangu Julai 7.

Leo Foguang halina ukata wala upweke. Serikali ililiweka katika orodha ya kwanza ya urithi wa taifa mwaka 1961, na UNESCO iliitambua milima ya Wutai mwaka 2009. Fedha zipo, na hapo ndipo mimi huingiwa na wasiwasi. Hekalu jirani la Nanchan, la mwaka 782, lilifanyiwa ukarabati miaka ya 1970: sehemu za baadaye ziliondolewa, kingo za paa zikaundwa upya kwa kukisia zilivyokuwa zama za Tang. Wataalamu wanabishana hadi leo kama walirudisha jengo au walitunga jingine. Kwa upande mwingine, kuacha tu si jibu. Mvua za Oktoba 2021 ziliharibu mamia ya majengo ya kale mkoani humo, na mbao hazisubiri mjadala uishe.

Foguang limeguswa kidogo kuliko Nanchan, na faida yake ilionekana mwaka 1964. Milango yake mizito ilikuwa ikidhaniwa kuwa ya karne za baadaye. Watafiti walipoichunguza upande wa nyuma, walikuta maandishi yaliyoachwa hapo na watu wa enzi ya Tang. Fundi mwenye bajeti nono angekuwa ameshaing'oa zamani na kuweka mipya.