Ziwa Lililodhaniwa Kuwa Bahari
Mito ya nyanda za Buha, magharibi mwa Tanzania, Ruchugi ukiwamo, humiminika Malagarasi, na Malagarasi huingia Ziwa Tanganyika. Februari 1858 wapelelezi Waingereza Burton na Speke waliuvuka Malagarasi, wakafika Ujiji na kukodi mitumbwi na wapiga makasia wenyeji. Makombe ya konokono aliyookota Speke yalielezwa na mtaalamu wa makombe S. P. Woodward mwaka 1859. Yalifanana mno na ya baharini. Mwaka 1883 mwanazoolojia Mjerumani Richard Böhm akaona ziwani yavuyavu, kiumbe laini mwenye umbo la mwavuli, ambaye jamii yake huishi zaidi kwenye maji ya chumvi.

J. E. S. Moore, mwanabiolojia Mwingereza, alikuja ziwani mara mbili. Kitabu chake cha 1903 kilidai kwamba ziwa hili ni mabaki ya bahari ya kale. Uchunguzi wa mwanazoolojia W. A. Cunnington, 1904–1905, haukuunga mkono dai hilo. Hata hivyo Moore anastahili heshima: dai lake ndilo lililowafanya wataalamu wachunguze kwa makini viumbe wa maji haya, yenye kina cha hadi mita 1,470.

Konokono wale wanaofanana na wa baharini ni wa hapahapa. Kaa wa ziwani huvunja makombe mepesi, hivyo wenye makombe mazito, kama ya baharini, ndio waliosalia na kuzaliana.