Soko Liliungua, Mji Ukasogea Kajaga

Ukitoka Bujumbura kwa barabara ya Gatumba, ile inayoendelea mpaka Uvira, ziwa likiwa mkono wa kushoto, utapita Kajaga. Zamani huko ilikuwa nje ya mji kabisa. Leo kuna nyumba za fahari na mahoteli. Ili kuelewa mji ulifikaje huko, lazima turudi katikati.

Usumbura, jina lake kabla ya uhuru wa 1962, ulianza kama kituo cha kijeshi cha Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19. Wabelgiji wakaja, wakagawa mji kwa rangi za watu: Wazungu Rohero, Wahindi na Waarabu Asiatiki, Waafrika Buyenzi na Bwiza. Baadaye soko kuu likawakutanisha wote. Mswahili wa Buyenzi, mama aliyeshuka mlimani na maharage yake, Mkongo wa Uvira na vitenge vyake, wote walibanana mle.

Jumapili tarehe 27 Januari 2013 soko liliungua. Rwanda ikatuma helikopta kusaidia kuzima, lakini mali ilikuwa imeshateketea. Wengi walikuwa na mikopo ya benki, na bima hawana. Wakatawanyika: Ruvumera, Cotebu, wengine barabarani. Magofu yakabaki miaka na miaka.

Mwaka 2019 Gitega ikawa makao makuu ya siasa, Bujumbura ikabaki mji wa biashara. Basi uwanja ule wa katikati ukazidi thamani. Na hapa ndipo penye shida. Mpango wa jengo la kisasa unahesabu mita na ghorofa. Yule aliyeuza pale miaka 20 alikuwa mpangaji wa meza tu. Ardhi si yake, na risiti zake ziliungua pamoja na vitambaa. Kwenye ramani mpya huyo mtu hayupo.

Upande wa ziwa nako kumbukumbu ilipotea. Tanganyika ilishapanda sana mwaka 1964, wazee wanajua. Watu wakajenga tu. Mwaka 2020 mto Rusizi ukafurika Gatumba, maelfu wakahama. Mwaka 2024 ziwa likapanda tena, maji yakaingia kwenye majumba ya Kajaga, yenye hati na kila kitu. Mjini walisahauliwa watu, Kajaga yakasahauliwa maji.

Sisi wa kambini inatuhusu vipi? Mkataba wa Arusha wa 2000 ulisema mkimbizi akirudi apate mali yake, au alipwe fidia. Lakini wengi wa 1972 walirudi wakakuta shamba lina mtu mwingine, na hoja ikawa: onyesha ushahidi. Mji nao unabadilika hivyo hivyo tukiwa mbali.

Basi tuandike sasa, wazee wakiwa bado wapo. Namba ya avenyu, majirani wa pande zote nne, meza ilikuwa safu gani, nani alikukodisha, mwembe ulisimama wapi. Na ninyi ndugu zetu wa mashirika, fomu zenu zina mstari mmoja tu wa "makazi ya zamani". Tuongezeeni nafasi. Anayeandika "Bujumbura" peke yake, siku ya kudai hana pa kuanzia.