Kicheko cha Shujaa Aliyefunika Uso

Shujaa Zorro alitungwa na Johnston McCulley mwaka 1919. Mwaka uliofuata Douglas Fairbanks akamwigiza katika filamu bubu. Mchana alijifanya goigoi. Usiku, uso ukiwa umefunikwa, aliwachezea askari kwa upanga. Ucheshi huo ulikaa mwilini, haukuhitaji mkalimani. Filamu zilipoanza kusema, kicheko kikawa cha wajuao lugha peke yao. Ndipo katika vibanda vya video vya Uganda wakatokea wafasiri wa papo kwa papo, wakitia mizaha yao kwa Kiganda. Huko Busia na Tororo, ambako mpaka uliotokana na mabadiliko ya mwaka 1902 uliwagawa Wasamia na Wateso, kufasiri si kazi ngeni. Sisi walimu tusiidharau: humrudishia asiyejua Kiingereza haki yake ya kucheka.